Nusu Hii Si Nusu Ile



Juma hili tumeletewa barua kutoka Kendu Bay, mji ulio kando ya ziwa katika Kaunti ya Homa Bay. Mwandishi wake ni mama aliyemo katika kamati inayosimamia usafi wa madrasa yao, na jina lake tunalihifadhi. Asema kwamba kamati ina daftari ambalo hunakiliwa maelekezo yote ya afya. Ukurasa mmoja waeleza kuwa maji ya kunywa yaliyotiwa dawa yabaki na klorini 0.5 baada ya nusu saa. Ukurasa mwingine, ulioandikwa siku za kipindupindu, waeleza kuwa sakafu na vyoo visafishwe kwa klorini 0.5. Aliyenakili aliandika tarakimu akaziacha alama zilizokuwa pembeni yake. Sasa walimu vijana wataka kutia dawa pipa la maji ya watoto, na mama huyu auliza: je, nusu hii na nusu ile ni moja? Aongeza kuwa bintiye wa kidato cha tatu amemwambia kuna kipimo kingine kiitwacho moli, na kwamba hicho ndicho cha kweli.

Jawabu letu la kwanza twalitoa bila kuzunguka, kwa kuwa watoto hao watakunywa leo na kesho. Nusu hizo si moja. Ya kwanza ni miligramu 0.5 katika lita moja ya maji. Ya pili ni asilimia 0.5. Baina yake pana tofauti ya mara 10,000. Ya kwanza ni maji ya kunywa. Ya pili huua vijidudu sakafuni, na mtoto akiinywa itamchoma mdomo na koo. Lililobaki ni kueleza tofauti hiyo yatoka wapi, ili kila mama aweze kuihesabu mwenyewe bila kungoja barua yetu.

Maana ya kukolea

Hapana mwanamke asiyejua maana ya kukolea. Mchuzi hukolea chumvi, chai hukolea majani, na nazi moja hutoa tui la kwanza lililo zito na tui la pili lililo jepesi. Atakaye kulipunguza uzito tui hamwagi nazi, huongeza maji. Nazi ni ile ile, lakini imetawanyika katika maji mengi zaidi. Wataalamu wa kemia huliita jambo hili ukolevu wa mmumunyo, na hesabu yake ni nyepesi: wingi wa kitu kilichoyeyuka, ukigawanywa kwa wingi wa maji kilimoyeyuka.

Taabu haiko katika maana bali katika vipimo. Wazee wetu walipima nafaka kwa vibaba na pishi, na kila mtoto alijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Ndugu zetu wa Migori na Homa Bay hupima mahindi kwa gorogoro. Mfanyabiashara anayesema "kumi" bila kutaja kumi za nini hajasema kitu. Vivyo hivyo katika dawa: tarakimu bila kipimo chake ni jina lisilo na mwenyewe.

Asilimia, katika mimumunyo ya dawa za majumbani, ni idadi ya gramu zilizomo katika mililita 100. Basi asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100. Lita ina mililita 1,000, kwa hiyo ni gramu 10 katika lita. Na kila gramu ina miligramu 1,000, kwa hiyo ni miligramu 10,000 katika lita. Huu ndio ufunguo wa mlango wote: asilimia 1 ni miligramu 10,000 kwa lita. Ukitaka kutoka asilimia kwenda miligramu kwa lita, zidisha kwa 10,000. Ukirudi, gawanya kwa 10,000. Asilimia 0.5 ni miligramu 5,000 kwa lita. Tazama sasa ilivyo mbali na ile 0.5 ya maji ya kunywa.

Kuna na kipimo cha tatu ambacho maafisa wa maji hukiandika: sehemu kwa milioni. Kwa maji ya kunywa kipimo hiki ni sawa na miligramu kwa lita, na sababu yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kilo moja ni miligramu 1,000,000. Miligramu moja ndani ya lita ni sehemu moja katika milioni. Usawa huu hulegea pale maji yanapokuwa mazito, kama maji ya chumvi yanayokauka katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, ambako lita moja huzidi kilo moja. Kwa maji ya kisima na ya mtungi hatuna haja ya kushughulishwa na tofauti hiyo.

Kuzimua dawa

Mapema mwaka 2015, kaunti za Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kupigwa na kipindupindu ambacho baadaye kilienea kaunti nyingi za nchi yetu. Katika maradhi hayo wahudumu wa afya hutumia klorini ya daraja mbalimbali: asilimia 0.05 kwa kunawa mikono, asilimia 0.2 hadi 0.5 kwa sakafu na vyombo vilivyochafuliwa, na asilimia 2 kwa matapishi na kinyesi cha mgonjwa. Kila daraja ina kazi yake, na zote hutoka katika chupa moja kwa kuzimuliwa na maji.

Kanuni ya kuzimua ni ile ya tui. Dawa haiongezeki wala haipungui. Yanayoongezeka ni maji. Basi ukolevu wa kwanza ukizidishwa kwa ujazo wa kwanza, ni sawa na ukolevu wa mwisho ukizidishwa kwa ujazo wa mwisho. Chukua dawa ya kung'arishia nguo ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5. Wataka asilimia 0.5 ya kupigia deki. Gawanya 3.5 kwa 0.5, utapata 7. Maana yake, kila kikombe cha dawa kifikishwe vikombe 7 kwa jumla: kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Hapa wengi huteleza wakatia maji vikombe 7, maana hawakihesabu kikombe cha dawa yenyewe. Kwa sakafu kosa hilo ni dogo. Kwa dawa ya mtoto halitakuwa dogo.

Kwa maji ya kunawa mikono, gawanya 3.5 kwa 0.05, utapata 70. Ndoo ya lita 20 ni mililita 20,000. Ukigawanya kwa 70 utapata mililita 286 hivi za dawa, na kilichobaki ni maji. Na ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia nyingine, hesabu yote hubadilika. Ndiyo maana twasema: soma chupa kwanza, kisha ndipo uhesabu.

Maji ya kunywa yana hesabu nyingine. Ile miligramu 0.5 kwa lita haikuwa kiasi cha kutia. Ni kiasi cha kubaki baada ya nusu saa. Klorini ikiingia majini huanza kupambana na uchafu na vijidudu, na katika mapambano hayo nayo huisha. Hivyo hatuna budi kutia zaidi ili ibaki akiba ya kuyalinda maji. Kwa maji maangavu hutiwa takriban miligramu 2 kwa lita, na kwa maji yenye tope mara mbili yake, baada ya kuyachuja kwa kitambaa safi.

Sasa tuhesabu mtungi wa lita 20. Miligramu 2 mara lita 20 ni miligramu 40 za klorini. Tuseme dawa ya maji tuliyonayo ni ya asilimia 1.25. Hiyo ni miligramu 12,500 kwa lita, yaani miligramu 12.5 katika kila mililita. Gawanya 40 kwa 12.5, utapata mililita 3.2, ambayo ni kama kifuniko kimoja kidogo cha chupa. Hapo utaona kwa nini haifai kuchukua kifuniko cha chupa hii ukapimia dawa ya chupa ile. Dawa ya asilimia 3.5 ina miligramu 35 katika kila mililita. Kifuniko kile kile kitatia karibu mara tatu ya kiasi kilichokusudiwa. Tena dawa za nguo zilizotiwa manukato hazifai kabisa kwa maji ya kunywa.

Na lau mwalimu kijana angalitengeneza maji ya watoto kwa asilimia 0.5 kama ya sakafu, mtungi wa lita 20 ungalibeba miligramu 100,000 za klorini mahali pa miligramu 40. Hiyo ni mara 2,500.

Kuhusu pipa kubwa la lita 5,000, miligramu 2 kwa lita ni miligramu 10,000, yaani gramu 10 tu za klorini. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 ungehitajika gramu 15 hivi, ambazo hukaribia kijiko kimoja cha mezani. Mtu akiona pipa kubwa namna ile, mkono humwelekea kutia mafumba. Ushauri wetu ni kuwa kazi ya pipa na kisima ifanywe na afisa wa afya ya umma, ambaye ana kifaa cha kupima klorini iliyobaki. Kamati nayo isimame karibu na daftari lake, iandike tarakimu pamoja na kipimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la CARE liliendesha huko huko Homa Bay mradi wa kutibu maji nyumbani kwa klorini. Watu wa huko wanapenda maji ya chungu kwa ubaridi wake, basi vyungu vikafinyangwa upya: mdomo mwembamba, kifuniko, na bomba chini. Hekima yake ni hii: kata na mikono haichovywi ndani, uchafu mpya hauingii, na ile akiba ya klorini haimalizwi kabla ya wakati wake. Ukolevu ulioupima asubuhi hautabaki hadi jioni ikiwa kila mtoto atachovya kikombe chake.

Moli, na pakiti ya chumvi

Tumfikie sasa binti wa kidato cha tatu. Amesema kweli kuwa moli ni kipimo, ila si kweli kwamba vingine ni vya uongo. Wauzaji wa boriti hapa pwani huhesabu kwa korija, nayo ni miti ishirini. Korija ya boriti na korija ya fito hazilingani uzito, lakini idadi ni moja. Moli ni korija ya wanakemia, isipokuwa idadi yake ni kubwa mno: 602 ikifuatwa na sifuri 21. Moli moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa gramu 58.5, moli moja ya glukosi ina gramu 180. Uzito ni mbali, idadi ya chembe ni sawa. Na milimoli ni moli moja iliyogawanywa mara 1,000.

Kwa nini tuhesabu chembe badala ya kupima uzito? Kwa sababu mwili huhesabu chembe. Utumbo wa mtoto anayeharisha huipokea sodiamu pamoja na glukosi, zikiandamana, na maji huzifuata. Hiyo ndiyo siri ya pakiti ya ORS, ambayo imeokoa watoto wasiohesabika. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa lita moja una gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Ukisoma uzito tu, waona glukosi imezidi chumvi zaidi ya mara tano. Sasa geuza kuwa moli. Gramu 13.5 ukizigawanya kwa 180 ni milimoli 75 za glukosi. Gramu 2.6 za chumvi ukizigawanya kwa 58.5 ni milimoli 45 hivi za sodiamu. Sitrati huleta milimoli 30 nyingine, kwa kuwa kila chembe yake hubeba sodiamu tatu. Jumla ya sodiamu ni milimoli 75. Sabini na tano kwa sabini na tano! Usawa uliofichwa na gramu hudhihirishwa na moli.

Ukijumlisha chembe zote za mmumunyo huo hupata milimoli 245 kwa lita. Damu yetu ina takriban 290. Kinywaji ni chepesi kuliko damu, basi maji hutoka utumboni kuingia mwilini, na ndilo tulitakalo.

Hapa ndipo lilipo jambo la kuwaogopesha wazazi. Kuna pakiti zilizotengenezwa kwa lita moja na nyingine kwa nusu lita, na zote hufanana machoni. Mama akichukua pakiti ya lita moja akaikoroga katika nusu lita, sodiamu hupanda kutoka milimoli 75 hadi 150 kwa lita, na jumla ya chembe hufika 490. Sasa kinywaji ni kizito kuliko damu. Maji yatatoka mwilini kuingia utumboni. Mtoto ataharisha zaidi, na chumvi katika damu yake itapanda hadi kuweza kumletea degedege. Mama huyo alikusudia kuongeza nguvu ya dawa, maana mtoto alikuwa hoi. Lakini nguvu ya dawa hii imo katika wepesi wake. Kinyume chake, pakiti ya nusu lita ikikorogwa katika lita nzima haina madhara ya namna hiyo, ila haimpi mtoto chumvi ya kumtosha. Soma pakiti, kisha pima maji kwa chupa yenye ujazo unaojulikana, si kwa bilauri la kukisia.

Mahali ambapo pakiti haipatikani, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu, bila mlima. Nusu kijiko cha chumvi ni gramu 3 hivi, sawa na milimoli 50 za sodiamu. Vijiko sita vya sukari ni gramu 25 hivi, sawa na milimoli 73. Si pakiti kamili, maana hakuna potasiamu, lakini hukaribia. Asiwe na shaka anayekumbuka kipi ni sita na kipi ni nusu. Mwenye shaka aonje: yasizidi chumvi ya machozi. Na mtoto apelekwe kituo cha afya huku akinyweshwa.

Kipimo cha sukari kilicholetwa na jamaa

Milimoli zimeingia majumbani kwa mlango mwingine. Familia zetu nyingi zina wazee wenye kisukari, na kifaa cha kupimia damu huletwa zawadi na jamaa aliye ng'ambo. Hospitali zetu za Kenya husoma sukari kwa milimoli kwa lita. Marekani na baadhi ya nchi za Ghuba husoma kwa miligramu katika desilita, ambayo ni mililita 100. Basi bibi aliyezoea kuambiwa "6" siku moja huona "108" kwenye kifaa kipya, nyumba nzima ikataharuki.

Utaratibu ni ule ule. Moli ya glukosi ni gramu 180. Milimoli moja ni miligramu 180. Milimoli moja katika lita ni miligramu 180 katika lita, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo ni miligramu 18 katika desilita. Zidisha milimoli kwa 18 upate miligramu. Gawanya miligramu kwa 18 upate milimoli. Mia moja na nane ukigawanya kwa 18 ni 6. Bibi hana neno.

Hatari ni pale tarakimu inapokaa kati. Kifaa kikisoma 20 kwa milimoli, hiyo ni 360 kwa kipimo kingine, na ni sukari iliyopanda mno. Kifaa kikisoma 20 kwa miligramu, hiyo ni 1.1 tu kwa milimoli, na mgonjwa anaweza kuzimia wakati wowote. Wa kwanza hahitaji sukari. Wa pili asipopewa sukari upesi au kukimbizwa hospitali ataangamia. Tarakimu ni moja, na matibabu ni kinyume. Kwa wanaofunga Ramadhani wakiwa na kisukari kwa idhini ya daktari, madaktari huagiza mgonjwa afungue sukari ikishuka chini ya 70 kwa miligramu, yaani 3.9 kwa milimoli, au ikipanda juu ya 300, yaani 16.6 hivi. Andikeni tarakimu zote mbili katika kipande cha karatasi, mkibandike kwenye kifaa, pamoja na jina la kipimo kifaa hicho kinachosoma.

Kisichoonekana majini

Tusiiache Migori bila kutaja machimbo yake. Katika ukanda wa dhahabu wa Nyatike, kuanzia Macalder ambako palikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki. Wanawake wamo kazini humo, wakisaga mawe na kuosha mchanga, pengine na watoto wakiwa kando. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa zebaki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita, yaani sehemu sita kwa kila milioni elfu moja. Gawanya gramu moja ya zebaki kwa kiwango hicho: lau ingeyeyuka yote, gramu hiyo ingetosha kuyafikisha ukingoni maji zaidi ya lita 166,000. Na gramu moja ya zebaki ni tone dogo, maana zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Mvuke wake nao, dhahabu inapochomwa jikoni au karibu na nyumba, hudhuru zaidi ya maji, na madhara yake kwa mtoto aliye tumboni ni makubwa.

Watu hudhani kuchemsha hutibu kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema. Lakini metali iliyoyeyuka haiuliwi kwa moto. Maji yakichemka hadi lita nne zikabaki tatu, kilichoyeyuka ni kile kile katika maji machache, na ukolevu umepanda kwa theluthi. Chumvi ya mchuzi uliokauka jikoni yatufundisha hivyo kila siku.

Wanafunzi wa madrasa husoma kwamba maji yaliyofika qullatain hayanajisiki kwa kuangukiwa na najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara, na ina vipimo vyake: ujazo, na mabadiliko yanayotambulikana kwa jicho, ulimi na pua. Madhara ya mwili ni mlango mwingine, na sheria yetu imeuamrisha kufungwa. Zebaki katika kiwango tulichokitaja haina rangi, wala ladha, wala harufu. Maji yaweza kuwa tohara kwa udhu na yasifae kwa kunywa, na anayejua hilo ni mwenye kipimo. Basi haifai kwa mwenye elimu ya dini kumdharau afisa wa maji na chupa zake ndogo. Kila mmoja apima kwa mizani aliyopewa.

Haya ndiyo tunayowausia kina mama na walimu wetu. Kila tarakimu iandikwe na kipimo chake, na anayenakili asiiache alama hata ikiwa ndogo kama punje. Asilimia 1 ni miligramu 10,000 kwa lita. Miligramu kwa lita na sehemu kwa milioni ni kitu kimoja katika maji ya kunywa. Gramu hugeuka moli kwa kugawanywa kwa uzito wa moli moja. Sukari ya damu huzidishwa au kugawanywa kwa 18. Dawa ya klorini iwekwe mbali na jua na joto, kwa kuwa hupoteza nguvu, na kamwe isichanganywe na dawa nyingine ya choo, kwani mvuke utokao hapo huua. Na chupa ya dawa isimiminwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto hajui kusoma asilimia.

Wanaotaka kuhakikisha hesabu zao kabla ya kutia dawa na waulize kwa afisa wa afya aliye karibu nao. Hapana haya katika kuuliza. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape afya watoto wa Kendu Bay na wa Nyatike na wa kila mji, na ayafanye maji yao kuwa uhai, si maradhi.

Wabillahi tawfiq.